Fimbo ya Mnyaa

Kosa langu la kwanza la maana nililifanya nikiwa darasa la tatu. Kwenye kaburi la bibi yangu, mzaa baba, nilichomeka fimbo mbichi ya mnyaa mahali nilipoagizwa kuchomeka mti mkavu.

Aliyekulia kwetu Simiyu ameshaelewa. Kwa mwingine niseme tu kwamba mnyaa ni ule mmea wenye matawi kama vidole vya kijani, hauna majani ya kueleweka, na ukiuvunja unatoa utomvu mweupe unaoweza kukupofusha. Enzi zetu kila kaya ilizungushiwa ua wa minyaa, kwa sababu ng'ombe hawauli, mbuzi hawauli, mchwa hawaugusi, na kipande chochote ukikichomeka ardhini kinachipua hata kama hukukitaka kichipue.

Nasema enzi zetu na sina hata mvi moja. Mnisamehe. Huku kwetu mambo yamekwisha haraka kiasi kwamba mtu unazeeka kwa kumbukumbu kabla ya kuzeeka kwa magoti.

Kaya yetu ilikuwa upande wa Nkololo, mbali na barabara, mahali ambapo gari likija watoto tulikimbia kulitazama na mbwa wakakimbia kulifukuza. Nyumba za udongo, boma la ng'ombe katikati, ghala la mtama, na ua wa minyaa kuzunguka. Nyuma ya ua ilianza ngitili, yaani malisho ambayo wazee waliyafunga masika yote yasiingiwe na mifugo, ili kiangazi nyasi zikiisha kwingine ng'ombe wapate pa kuponea. Baada ya ngitili yalikuwa mapori, na baada ya mapori, tuliambiwa, ni Serengeti. Sisi watoto hatukuona mstari wowote kati ya kimoja na kingine. Wanyama nao hawakuuona.

Nakumbuka asubuhi zake. Moshi wa samadi bomani, maziwa mgando yakimiminwa kutoka kwenye kibuyu, na michembe iliyochemshwa na karanga. Michembe ni vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, ambavyo leo ukimpa kijana wa mjini anakuuliza kama ni chakula cha kuku. Tulikula tukiwa tumechuchumaa, mikono ikinuka moshi, halafu wakubwa wanakwenda na ng'ombe na sisi wadogo tunabaki na ng'ombe wetu, wale wa udongo mweusi tuliowafinyanga wenyewe. Wenzangu walikuwa na makundi makubwa, wanauziana, wanalipiana mahari. Mimi nilikuwa na ng'ombe mmoja. Kila niliyemmaliza niliona pembe zake hazilingani, nikamponda nianze upya.

"Huyu atakufa maskini," bibi alisema huku akicheka. "Ng'ombe wake wote anawaua mwenyewe."

Sijabadilika sana. Naishi kwa kuandika vibao vya maduka hapa Bariadi mjini, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kunakili herufi za kwenye mifuko ya saruji na makopo ya rangi. Herufi ikiinama kidogo nafuta ubao mzima, na mwenye duka anasimama pembeni ananiangalia kama mgonjwa.

Bibi alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alifagia uwanja wake kila siku kabla jua halijatoka, na mistari ya ufagio ilibaki ardhini kama nywele zilizochanwa. Tatizo lilikuwa mbuzi. Mama alikuwa na mbuzi wake, na mbuzi wale, katika eneo lote lile la wazi, walipenda kunya kwenye mlango wa bibi.

"Mama Maduhu!" bibi aliita. Maduhu ndilo jina langu. "Hawa mbuzi wako uliwafundisha wewe, au walizaliwa wananichukia?"

Mama alijibu kutoka jikoni, "Wanakusalimia tu, mama."

"Basi waambie nimeitikia. Wasirudie."

Lakini kwa viumbe wa porini hakuwa na ugomvi. Alipokuwa anasaga mtama kwenye jiwe lake, jiwe lililochimbika katikati kwa miaka ya kusagia, punje ziliruka pembeni, na kwale walikuja kuziokota karibu kabisa na magoti yake. Tulitaka kuwapiga kwa manati. Alitukataza. "Waacheni. Wageni hao." Kanga walikuja, nao wakawa wageni. Kulikuwa na digidigi wawili walioishi kwenye kichaka nyuma ya ghala, swala wadogo wasiozidi urefu wa mbuzi mtoto, na jioni walitoka wamefuatana, dume na jike, wakasimama wakitutazama kwa macho makubwa yenye alama nyeusi pembeni, kama mtu aliyelia halafu akasahau kujifuta. Ukisogea wanapiga kelele yao kama mluzi uliokwama puani, wanatoweka. Tuliigiza mluzi ule shuleni mpaka mwalimu akatuchapa.

Na kuna siku alikuja twiga. Sijui alipotea au alikuwa na safari zake. Bibi alikuwa amepiga magoti anasaga, mimi nikiwa pembeni na ng'ombe wangu mmoja wa udongo. Kivuli kikatupitia. Tulipoinua macho, kichwa cha twiga kilikuwa juu ya ua, kinatuchungulia, kope ndefu, midomo inatafuna. Bibi hakusimama. Alipangusa unga mikononi, akamtazama kama anavyotazamwa jirani, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

Akangoja. Kweli alingoja aitikiwe. Twiga aliendelea kutafuna, akageuza shingo taratibu, akaondoka juu ya ngitili kwa ule mwendo wao unaokufanya udhani ardhi ndiyo inayosogea.

"Hana adabu," bibi alisema, akarudi kwenye kusaga. "Lakini ni mzuri."

Fisi peke yao ndio waliomkera, maana walicheka. Jioni wakianza kule mbali alikunja uso. "Mimi nitakufa," alikuwa anasema, "na hawa nitawaacha wanacheka hivyohivyo." Sisi tulicheka naye. Mtoto hajui kwamba mtu mzima anaweza kusema jambo la kweli kwa sauti ya utani.

Alifariki kiangazi, ardhi ikiwa imepasuka nyufa za kuingiza mguu. Wanaojua udongo wetu mweusi wanajua tabia yake. Kiangazi unapasuka, masika unavimba, na kila kinacholala juu yake unakimeza polepole. Bibi alizikwa nje kidogo ya ua, upande wa ngitili. Mama alilaza lile jiwe la kusagia upande wa kichwani. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, alilitazama akatikisa kichwa.

"Hili litamezwa. Miaka michache tu hulioni." Akanigeukia. "Wewe, nenda kakate mgunga mkavu. Uchome ncha yake motoni ili mchwa wasiule, uuchomeke pale kichwani. Ndio utatuonyesha bibi yako alipolala."

Ilikuwa kazi ya kwanza ya watu wazima kupewa. Nilizunguka ngitili mchana mzima. Migunga mikavu ilikuwepo tele, lakini yote ilikuwa imepinda. Niliokota mmoja nikautupa, nikaokota mwingine nikautupa. Niliona aibu bibi yangu, aliyefagia mistari iliyonyooka kila siku ya Mungu, awekewe fimbo yenye kigongo. Mwishoni nilirudi kwenye ua nikakata tawi la mnyaa lililonyooka kama rula. Nililichomeka kichwani pake, nikarudi nyuma nikalitazama, nikalirekebisha, nikalitazama tena. Sijawahi kuridhika na kazi yangu kama siku ile.

Masika yalipoingia fimbo ikachipua. Baba mdogo alipoiona alishika kiuno. "Sasa huyu bwana amempandia bibi yake ua." Alitaka kuing'oa, lakini mama akamwomba aiache. Kitu kilichochipua kaburini, alisema, yeye hawezi kukaa akitazama kinang'olewa. Basi ikabaki.

Kisha tukaanza kuondoka. Hakuna aliyetufukuza. Malisho yalipungua, mvua zikawa za kubahatisha, na baba mdogo akachukua ng'ombe akaenda nao Katavi kama walivyofanya wengi. Dada yangu akaolewa Mwanza. Mama na mimi tukahamia Bariadi, chumba kimoja cha kupanga nyuma ya stendi. Majirani nao waliondoka mmoja mmoja. Kaya iliyohamwa tunaiita itongo, na kila mtu wa kwetu ana itongo lake mahali fulani ambalo anasema atalirudia. Mimi pia nilisema. Nilisema mpaka nikawa mtu mzima.

Mwaka juzi mama aliniita chumbani kwake. Miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, alikuwa amekaa kitandani na khanga mapajani.

"Baba," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "baba yako mdogo amepiga simu. Baada ya pamba kuuzwa wanakuja wote. Tumjengee bibi yako kaburi la saruji, tuombe, kila mtu aone. Watu wanasema tumemtupa."

"Nani anasema, mayu?" nikauliza, nami nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Mimi nasema."

Akanyoosha khanga mapajani.

"Wewe ndiye uliyeweka alama," akaendelea. "Nenda ukapatafute kabla hawajafika. Nataka miguu hii inifikishe pale ikiwa bado inafika."

Alikuwa ameshanunua saruji, ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kitambaa. Mimi nikatengeneza kibao chenye jina la bibi. Nilikiandika na kukifuta sijui mara ngapi, si kwa sababu ya herufi. Nilikuwa naogopa. Mnyaa ni mnyaa. Kama ua wote umekua na fimbo yangu nayo imekua, nitajuaje ipi ni ipi? Niliwaza kwamba kwa kutafuta fimbo nzuri nimempoteza bibi moja kwa moja, na kwamba mama atakuja na miguu yake mibovu asimame mbele ya kichaka aniulize ni wapi.

Nilikodi vijana wawili wa kunisaidia kufyeka, Jilala na Sayi, na tukaenda kwa pikipiki zao. Mashamba ya pamba yalikuwa yamesogea mpaka kila mahali. Ngitili haikuwepo tena, imelimwa. Lakini pale kwetu, kwa sababu ya kaburi, hakuna aliyethubutu kulima, na katikati ya uwanda ule wa pamba kavu kulikuwa na msitu.

Sitii chumvi. Minyaa tuliyokuwa tunaikata ifike kifuani ilikuwa imekuwa miti mirefu kuliko nyumba tulizolala. Nyumba zenyewe hazikuwepo, zimerudi kuwa udongo. Pale palipokuwa boma la ng'ombe, juu ya samadi ya miaka yote ile, migunga ilikuwa imeshonana, mimea ya kutambaa imepanda juu yake, na ndege walikuwa wanapiga kelele humo ndani kama watoto wa shule waliokosa mwalimu. Kila kitu tulichokiacha kilikuwa kimeliwa na kugeuzwa kuwa uhai wa mtu mwingine. Nilisimama na panga mkononi nikajiona mgeni nisiye na barua.

"Kaka," Sayi akasema, "hapa panga litashindwa. Hapa ni kibiriti."

"Nyasi zenyewe kavu hivi," Jilala akaongeza. "Tukiwasha upande huu, jioni peupe. Kaburi utaliona kama liko mezani."

Nilijua wanasema kweli. Moto ungelipata kaburi kwa saa chache, mama angesimama pale, na mimi ningepumua. Sayi alikuwa ameshakusanya nyasi. Ndipo chini ya minyaa, karibu na mguu wa Jilala, nikaona kijia. Kidogo, laini, kimekanyagwa mpaka kikang'aa, kinaingia kichakani kwa chini kama mlango wa paka.

"Huyo ni nyoka mkubwa," Jilala akasema akiruka nyuma.

"Nyoka hana kwato. Hiyo ni digidigi."

"Digi nini?"

"Swala mdogo. Hujawahi kuona?"

"Mimi nimeona chui wa kwenye theluji," akasema kwa fahari, akigusa simu yake mfukoni. "Anauma lakini, huyo digidigi?"

Nilimwambia Sayi angoje na nyasi zake. Nikavua shati nikajifunga usoni kwa ajili ya utomvu, nikalala kifudifudi, nikaanza kutambaa.

"Kaka, ukifa humo tumwambie nani?" Sayi akaita.

"Mama yangu. Nyuma ya stendi."

"Na posho yetu?"

"Yeye huyohuyo atawalipa!"

Waliendelea kucheka nyuma yangu mpaka sauti zao zikawa mbali. Ndani kulikuwa na giza la kijani na ubaridi. Mluzi ule uliokwama puani ukalia karibu na uso wangu, kitu kikaruka, na moyo wangu nao. Digidigi mmoja alikimbia. Wa pili alibaki. Alisimama mahali palipokuwa wazi kidogo, miguu myembamba kama kalamu, pua ndefu inachezacheza, jicho kubwa jeusi, na ile alama pembeni ya jicho. Mwanga uliopenya juu ulimdondokea mgongoni kwa vipande. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kujaribu kuchora, na hakuna aliyekirekebisha. Alinitazama kama bibi alivyomtazama twiga, bila hofu kubwa, akingoja niseme kitu. Sikusema. Akageuka akamfuata mwenzake.

Pembeni ya mahali alipokuwa amesimama palikuwa na shina nene la mnyaa. Mizizi yake ilikuwa imepita chini ya jiwe na kulibeba, limeinama upande lakini liko juu kabisa ya ardhi. Jiwe lililochimbika katikati. Udongo ulikuwa umejaribu kulimeza, na fimbo yangu ilikuwa imekataa.

Digidigi wana desturi ya kwenda haja mahali pamoja siku zote, wakipaona ndipo mpaka wa nchi yao. Walikuwa wamechagua miguuni pa bibi. Kulikuwa na rundo la vidonge vikavu na vibichi, limepangika, la miaka.

Nilikaa pale sijui kwa muda gani. Nilitamani nimwite mtu aone, nikawaza nani. Wote waliolijua jiwe lile walikuwa Katavi, Mwanza, au chini ya udongo, isipokuwa mmoja. Nikatoa simu.

"Umepaona?" mama akauliza kabla sijasalimia.

"Nimepaona, mayu. Jiwe lipo. Niko nalo."

Nilimsikia akishusha pumzi ndefu. "Pako safi?"

"Kuna... kuna samadi."

"Samadi ya nani? Watu wamelisha hapo?"

"Hapana. Digidigi. Wanaishi humu. Choo chao kiko... miguuni pake."

Mama akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu nikiwa mdogo, kikapanda, kikavunjika, nikajua analia.

"Miaka yote ile alinigombeza kwa ajili ya mbuzi wangu," akasema alipoweza. "Miaka yote ile."

"Mayu, ili tujenge lazima tuchome kichaka chote. Vijana wako tayari. Useme wewe."

Niliwasikia ndege juu yangu, na mbali kabisa Jilala akiimba kwa kuchoka kungoja.

"Sisi tulimwacha," mama akasema. "Hao hawakumwacha. Wageni wake hao, baba. Utawafukuzaje wageni wa mtu nyumbani kwake?"

Nikatoka kwa kijia kilekile. Sayi alipoambiwa kwamba hakuna moto alimwaga nyasi chini, akaniuliza kama nimeona jini.

Ndugu walikuja baada ya mavuno. Baba mdogo alikasirika, akasema Katavi nzima itamcheka, mama yake kugeuzwa choo cha swala. Mama, akiwa ameshikwa mkono na dada, alimwambia aingie basi akamwambie bibi mwenyewe. Hakuingia. Tulisimama nje ya kichaka, tukaomba, tukala wali na nyama kwenye kivuli cha minyaa. Hakuna aliyekuwa na mengi ya kusema, maana hatukuwa tena watu wa kaya moja, tulikuwa wasafiri waliokutana. Jua lilipoanza kushuka magari yakaondoka. Nilibaki nikifunga sufuria kwenye pikipiki, na kutoka upande wa mapori, mbali sana, fisi mmoja akacheka. Nilitazama pembeni nione nani mwingine amesikia. Sikuwa na mtu.

Saruji ile tuliifanyia sakafu ya chumba cha mama. Kibao kiko kwangu, kimegeuziwa ukutani. Nimekubali herufi zake ziko sawa.

Enzi zetu kaya ilikuwa yetu na wanyama walikuja kuchungulia juu ya ua. Sasa kaya ni yao na mimi ndiye ninayechungulia. Nakwenda kila kiangazi, peke yangu. Mwaka juzi niliingia kwa kutambaa. Mwaka jana niliingia kwa shida, nikatoka na michubuko mgongoni. Mwaka huu kijia kimekuwa kidogo kuliko mimi. Digidigi bado wanapita.